Baiskeli Zilizopelekwa Kufugwa

Baba Neema, mume wangu,

Mchungaji alituambia umekwenda kupumzika. Nilikaa pale mbele nimejifunga khanga kiunoni, nikasema moyoni, huyu mchungaji hakumjua vizuri mume wangu. Wewe na kupumzika wapi na wapi? Kama huko uliko kuna baiskeli hata moja imelala na pancha, najua sasa hivi umeigeuza miguu juu, mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na kuna mtu umemwambia asubiri kidogo tu, unamalizia. Kwa hiyo sikuandikii kukuuliza hali. Nakuandikia kukupa habari, maana zinakuhusu wewe, na nikikaa nazo peke yangu zitanipasua kifua.

Habari zenyewe ni za baiskeli zako. Lakini kwanza nikukumbushe tulikotoka, kwa sababu ulikuwa na tabia ya kusimulia hadithi hii huku ukijipendelea.

Ulinioa ukiwa na baiskeli moja. Ile nyeusi ya Kihindi, nzito, uliyoipata kwa kibali baada ya kusubiri mpaka ukakata tamaa, ukawa unazungukia nayo nyumba za watu kusoma mita za maji. Nilipoletwa pale Kijenge kama bibi harusi niliikuta imeegemezwa ukutani, upande wangu wa kitanda. Nikauliza, "Hii inalala humu?" Ukasema, "Kwa leo tu, nje kuna umande." Umande ule haukukauka miaka yote.

Na niseme kweli, hata mimi niliipenda. Ndiyo uliyonipakia kwenda Momela mwaka wetu wa kwanza, kuwaona wale ndege wekundu ziwani. Uliniambia ni karibu. Kutoka Kijenge mpaka Usa River nilikaa kwenye keria nimekushika kiuno, najiona nimeolewa na waziri. Baada ya hapo njia ikaanza kupanda, ukasema, "Shuka kidogo mama, nivute pumzi." Hicho kidogo nilikitembea kwa miguu mpaka ziwani. Njiani twiga wakatoka kichakani, wakasimama katikati ya barabara wanatutazama, nawe ukawapigia kengele. Twiga, Baba Neema. Ukawapigia kengele kama vile ni wateja wa soko la Tengeru wamekuzibia njia. Wakapisha. Tuliporudi ilikuwa mteremko mtupu mpaka Usa River, hukukanyaga pedeli, na mimi huko nyuma nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hata sasa nikikumbuka nacheka peke yangu, na Neema ananiangalia kwa wasiwasi.

Baiskeli ikiwa moja, nyumba ni nyumba. Kasheshe ilianza na ruksa ya biashara.

Unakumbuka maduka yalivyokuwa kabla ya hapo, rafu tupu na muuzaji anasinzia. Halafu ghafla kila kitu ruhusa. Makontena yakaanza kushushwa mjini, ndani kuna nguo za mitumba, majokofu, redio, na baiskeli kutoka Ulaya na Japani zimebanana, usukani wa hii umeingia kwenye spoku za ile. Waume wa wenzangu waliyakimbilia majokofu. Wewe ulikwenda kuangalia tu. Maneno hayo mawili niliyachukia kuliko matusi. Ukienda kuangalia tu, jioni nasikia geti linafunguliwa taratibu, taratibu kupita kiasi, najua hapo hujarudi peke yako.

Ukaja na ile ya kijani, ya kike, haina chuma cha kati. Nikafurahi nikidhani ni zawadi yangu. Kumbe ulikuwa umeionea huruma. Ukaja na ya gia ambayo gia zake hakuna aliyezielewa hapa Arusha, hata wewe. Ukaja na nyekundu ya mbio yenye usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, na mtu akiipanda lazima aangalie chini kama ana aibu. Kuna moja ilikuja haina gurudumu la mbele, ukaibeba begani kutoka mjini huku watu wanakupa pole. Kila moja ilikuwa na sababu ya kuokolewa. Nilikuuliza siku ile, "Unanunua kwa huruma, mbona mimi hunionei huruma?" Ukajibu bila hata kuinua kichwa, "Wewe hujapinda rimu."

Chumba cha mbele kikajaa. Wamama wa Umoja wa kanisani wakija kwa maombi walitundika mikoba yao kwenye usukani. Mmoja aliinuka kusali, khanga yake ikanasa kwenye pedeli, akasema amina kabla ya wakati. Neema alijifunza kusimama kwa kushika spoku, na neno lake la tatu, baada ya baba na mama, lilikuwa breki. Niligomba. Nilinuna. Siku nyingine nilikuwa nakufungulia geti nimeshika kiuno, na wewe unaipitisha hiyo mpya mbele yangu unatazama juu kana kwamba unaangalia kama mlima Meru umefunuka leo.

Hata hivyo ni wewe uliyenifundisha kuendesha. Wanawake wa rika langu hawakupanda baiskeli, walisukuma tu, ndizi juu ya keria na wao pembeni. Ulinipandisha kwenye ile ya kijani kule juu ya mteremko wetu, ukashika tandiko nyuma, ukakimbia nami. Nikawa nakusemesha, hujibu. Nageuka kuangalia, uko mbali huko umesimama, umeweka mikono kichwani. Nilifika chini salama, nikaingia tu kidogo kwenye ua wa jirani. Yule mama akatoka akaniuliza, "Umekuja kuchukua nini?" Nikamwambia nimekuja kusalimia.

Basi. Tukafika mahali ambapo mzaha uliisha.

Kiwandani wakatuita mkutanoni, wakatuambia kiwanda kinapata mmiliki mpya na watu watapunguzwa. Nilikuwa nimeshona sare pale tangu sijaolewa. Sikuwa najua kazi nyingine, na sikuwa naitaka nyingine. Kiinua mgongo kilinipa vyerehani viwili vya miguu na meza ya kukatia, vyote vikakaa uani vimefunikwa nailoni, kwa sababu chumba pekee kinachotazama barabara kilikuwa cha baiskeli zako. Nikakukalisha chini. Nilikuambia bila kuzunguka: nakitaka chumba cha mbele. Mtu akitaka kushonewa nguo anataka kuona cherehani, hataki kuona magurudumu. Nisipopata chumba hiki sina kazi, na nisipokuwa na kazi nitakaa humu ndani kutwa nikizitazama baiskeli zako mpaka tuchukiane.

Ulikuwa unajifuta mikono kwa kitambaa. Ukajifuta muda mrefu sana, vidole vilishakuwa safi unaendelea tu. Ukasema, "Nipe mwezi mmoja, Mama Neema."

Wanunuzi wakaja. Jamani, watu wale niliwahurumia. Kuna mwalimu mmoja wa Engutoto, mtu mpole, alikuja na nia safi kabisa, akaikubali ile ya gia kwa bei uliyoitaja wewe mwenyewe. Badala ya kupokea, ukamvutia kiti, ukamwagizia chai, ukaanza. Nyumba yako ina veranda? Mvua ikinyesha itakaa wapi? Mafuta utaipaka mwenyewe au utamtuma mtu? Mkeo anajua umekuja? Mwalimu alijibu yote kwa adabu. Mwisho ukamwuliza kama huwa anapakia watu wawili kwa pamoja. Akasema siku moja moja, akiwa na watoto. Ukasimama ukampa kofia yake.

Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Neema, wewe unauza baiskeli au unaozesha binti?"

Ukasema, "Binti hata akiteswa anaweza kurudi kwao kushtaki."

Nikarudi kwenye sufuria yangu. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuona mwezi unakatika na chumba kimejaa vilevile, na mimi nimeshaanza kuwaambia watu watafute fundi mwingine.

Halafu wiki ya mwisho zikaanza kupungua. Nikirudi sokoni, moja haipo. Nikitoka kanisani, mbili hazipo. Nakuuliza, "Zimekwenda?" Unajibu, "Zimekwenda." Nakuuliza zimepata watu wazuri, unasema wazuri sana. Ikabaki ile nyeusi yako ya kazini peke yake, na hiyo sikuigusa. Sikukuuliza habari ya bei. Nilidhani umeuza kwa hasara na unaona aibu, nikakustahi. Siku tulipoingiza vyerehani nilikupikia mtori, ukala bakuli tatu, na macho yako yalikuwa yanazunguka kwenye kuta tupu mpaka nikaumia. Nilitaka kukuambia asante, nikaishia kukuongeza nyama.

Kazi ilishika, unajua. Sare za shule, mashati ya kwaya, suruali za kupunguza kiuno. Na nilishangaa wateja wangu wengi walitoka mlimani, Akheri, Poli, Nkoaranga, watu wa kwenu. Wanashuka na vitambaa vyao, wanapita mafundi njiani huko, wanakuja kwangu Kijenge. Nikajisifu kwamba jina langu limefika mbali.

Mpaka siku ya kipaimara cha mtoto wa dada yako, kule Akheri. Tumekaa chini ya turubai, sahani ziko mapajani, nikamwona Mama Anaeli anaingia. Yule mjane anayepakana na kihamba chenu, lile shamba la migomba la ukoo, muuza ndizi wa Tengeru. Anasukuma baiskeli ya kijani, mikungu miwili nyuma. Nikaikazia macho. Tandiko lake lilikuwa na mshono mweupe, na mshono ule niliushona mimi kwa uzi wa kiwandani. Mama Anaeli akaja moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani, mama. Ng'ombe wenu hajambo. Nampa mafuta kila Jumamosi, na mvua haijamgusa."

Nikakugeukia. Ukajitia hamnazo, ukainamia pilau kama mtu aliyedondosha kitu ndani yake.

Mimi ni Mchaga wa Machame, wewe Mmeru, lakini hili la ng'ombe hakuna kati yetu wa kumfundisha mwenzake. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kwa watu. Mifugo ikikuzidi zizini, unampa mtu mnayeaminiana akufugie. Maziwa yake, mbolea yake, ng'ombe wako. Akizaa, ndama ana utaratibu wake. Nawe una wajibu wa kwenda kumtazama, na huendi mikono mitupu, wala hurudi mikono mitupu. Hayo nayajua tangu nikiwa mtoto. Lakini kwamba kuna mwanaume mwenye akili timamu, mwajiriwa wa idara ya maji, atakayezipeleka baiskeli kufugwa, hilo halikunijia hata ndotoni.

Tukashuka kwa miguu kwenda barabarani.

"Uliniambia umeziuza."

"Nilikuambia zimekwenda."

"Zimekwenda wapi?"

"Kufugwa."

Nilikununia mpaka Tengeru. Tulipokuwa tunasubiri gari pale, kicheko kikanishika, nikacheka mpaka nikakaa juu ya gunia la mtu, na mwenye gunia akacheka bila kujua tunacheka nini. Wewe ulisimama tu ukitabasamu pembeni, unasubiri kuona kama umesamehewa. Ulikuwa umesamehewa zamani.

Baada ya hapo hukujificha tena. Jumapili baada ya ibada unachukua ile nyeusi, unaizungukia mifugo yako. Akheri, Poli, mwingine mpaka upande wa pili wa mlima, kwa rafiki yako Lembris wa Ngaramtoni, ambaye ulipompelekea ile nyekundu ya mbio aliizunguka mara kadhaa akakuuliza, "Na maziwa yake ni nini?" Ukamwambia, "Maziwa yake ni miguu yako kupumzika." Akaikubali, lakini alisema pembe zake hazijakaa vizuri. Unarudi jioni na maparachichi, maziwa ya mgando, siku moja na kuku hai amefungwa kwenye keria, amekasirika.

Na Elisaria? Nikimkumbuka Elisaria mbavu zinaniuma. Fundi seremala, mtu asiyecheka. Krismasi ile alikuja Kijenge kavaa koti, nyuma yake anavuta kibaiskeli kidogo cha mtoto, amekiunga kwa vyuma chakavu na magurudumu ya toroli, amekipaka rangi ileile ya ile kubwa uliyompa. Akasalimia, akakaa, akanywa chai yote. Ndipo akasema, "Mzee, nimekuja kukuarifu. Ng'ombe wako amezaa." Nilidhani utacheka. Uliinuka, ukakiendea kile kibaiskeli, ukakikagua mbele na nyuma kwa uso mkavu kabisa. "Jike au dume?" Elisaria akasema, "Jike. Hana chuma cha kati." Ukasema ndama wa kwanza kwa desturi ni wa mwenye ng'ombe, lakini huyu hajaacha kunyonya, arudi naye kwa mama yake. Akarudi naye, na watoto wake wamekipanda mpaka leo. Niliingia chumbani, nikajifunika mto usoni ili mgeni asinisikie.

Halafu ukaugua, ukaondoka. Hapa nitapita haraka, maana ulikuwepo. Uliumwa kifua, ukasema ni mafua, ukawa unasema ni mafua mpaka siku ya mwisho.

Tulikuzika kihambani, Akheri. Na nikupe habari ambayo hukuiona. Kuni za msiba zilikuja kwa baiskeli. Maji yalikuja kwa baiskeli. Ndizi, maziwa, viti vya kuazima vilivyofungwa kamba vinagongana. Mimi nimekaa ndani kwenye godoro na wamama, nasikia tu kengele huko nje, moja inaingia, nyingine inatoka.

Msiba ulipokwisha, mdogo wako, shemeji yangu Elia, akaja na shauri. Unamjua Elia, hawezi kuona kitu kimekaa bila kukipangia safari. Alikuwa amekutana na mtu mwenye nyumba ya wageni huko njia ya Momela, anatafuta baiskeli za zamani, nyingi kwa pamoja, watalii wazipande. Atakuja na gari lake azichukue zote kwa mkupuo. Elia akasema, "Shemeji, mwenye ng'ombe amekufa. Desturi ni wafugaji wazirudishe kwa warithi. Zikirudi hapa zitakaa wapi? Utafunga kazi yako?"

Hapo alinishika pabaya. Chumba kile kilikuwa mkono wangu na mdomo wa watoto. Nilikuwa na wasichana wawili wananifanyia kazi, na oda za shule zilikuwa zimerundikana mpaka dirishani. Nikazifikiria zikirudi zote, vyerehani tena uani chini ya nailoni. Nikasema sawa, tuuze. Nikatuma salamu mlimani waje nazo Jumamosi. Nilituma, Baba Neema, na nilijiambia ndivyo ulivyoniahidi tangu mwanzo.

Jumamosi wakaja. Nilikuwa nimesimama getini. Wakatokea kule chini ya mteremko wetu, wanasukuma, mmoja nyuma ya mwingine, wamevaa nguo za kanisani. Mama Anaeli mbele na ile ya kijani. Elisaria na koti lake. Lembris na ile nyekundu, shuka lake la rubega limekunjwa begani lisinase. Spoku zinameta. Hata ile iliyokuja haina gurudumu ilikuwa na magurudumu mawili na taa. Sikuwahi kuziona zote pamoja zikiwa zimesimama sawasawa. Wakati wako zilikuwa zimelaliana tu. Nilikuwa nakutafuta katikati yao, kama mjinga.

Wakaziegemeza kwenye ua, wakanipa mkono mmoja mmoja, shikamoo mama, pole mama. Mnunuzi alikuwa ameshafika, ameegesha gari, anatembea na Elia wanazigongagonga matairi. Mama Anaeli akabaki ameshika usukani wake, hajauachia.

"Mama Neema," akasema, "kuuza ni haki yako, na mimi sina neno. Ila niambie kitu kimoja. Baada ya hapa, mimi na wewe tutakuwa nani?"

Nikamwambia, "Basi wewe nitakuachia. Ichukue, iwe yako kabisa."

Akatikisa kichwa. "Ukinipa kabisa, nitakushukuru leo, kesho tumemalizana. Mzee alikuwa akija. Alikuwa anakagua mnyororo, anakunywa maziwa, ananiuliza Anaeli anaendeleaje shuleni. Nani atakuja kwangu kuuliza hayo kama hakuna ng'ombe wake?"

Nikawaangalia wale wote waliosimama pale uani kwangu. Sare za watoto wao nimezishona mimi. Ndipo nikaelewa kwa nini walikuwa wanapita mafundi wote wa njiani. Haikuwa kwamba jina langu limefika mbali. Ni wewe kila Jumapili ulikuwa unanisemea, unakunywa maziwa ya watu na kumsifia mkeo. Miaka yote nilidhani umeficha baiskeli. Kumbe zile zilikuwa njia tu, ulikuwa unanitafutia watu, wewe mzee usiyesema. Nililia pale mbele ya mnunuzi, bila hata kutafuta leso.

Kisha nikafanya alivyofanya baba yangu siku aliporithi ng'ombe wa babu. Nikaenda kwenye ile ya kijani, nikaweka mkono juu ya tandiko, nikamwambia Mama Anaeli, "Nifugie." Akajibu, "Nimefuga." Nikaenda kwa Elisaria, kwa Lembris, kwa wote. Nifugie. Nimefuga. Mnunuzi alimwuliza Elia ni sala gani hii, Elia alikuwa amevimba. Amenuna mpaka wiki iliyopita. Nimemshonea suruali, ameanza kulegea.

Ile nyeusi yako nimempa yule mwenzako aliyeshika zamu yako ya mita. Hiyo nimempa moja kwa moja, maana anapita hapa kila mwezi hata bila sababu.

Kwa hiyo nyumba ni nyeupe, mume wangu. Hakuna baiskeli hata moja. Nimepata nilichokuwa nakililia tangu siku ya harusi: ukuta wa upande wangu wa kitanda hauna kitu, na chumba cha mbele ni cha kushonea tu. Wamama wa Umoja wanatundika mikoba kwenye misumari. Watoto wanakusalimu. Neema anasema nikuambie ameanza kazi na anakula vizuri, ijapokuwa mimi naona amekonda. Nakukumbuka zaidi asubuhi, kabla wasichana hawajafika. Lala pema, na usiwasumbue wenzako huko kwa vyuma vyako.

Nilitaka kukuaga hapohapo. Lakini kuna jambo nimekuwa nalizungukazunguka tangu mstari wa kwanza.

Mwenye ng'ombe ana wajibu wa kwenda kuwatazama. Nimeshawaahidi. Na wewe unazijua njia za kwenda kwa hao watu wako, magari yanaishia barabarani, kutoka hapo ni vichochoro vya migomba mpaka juu. Nilijaribu kwa miguu Jumapili mbili, goti likakataa. Ijumaa nikawaambia wasichana waangalie duka, natoka kidogo. Nikaenda pale wanaposhushia makontena. Nilikwenda kuangalia tu.

Yule muuzaji akaniuliza, "Mama, unatafuta ya mjukuu?" Nikamwambia anishushie ile ya bluu, ya pili kutoka juu. Nikainua gurudumu nikalizungusha, nikaweka sikio. Lilikuwa linakwaruza kidogo na rimu imepinda upande mmoja. Mwenyewe akasema nichukue nyingine nzima, hii hainifai. Nikaiangalia, Baba Neema. Ilikuwa imesimama peke yake pale pembeni.

Nilifungua geti taratibu. Neema alikuwa ametoka kazini, amesimama mlangoni ameshika kiuno. Akaitazama, akanitazama.

"Mama, hiyo itakaa wapi?"

Nikaingia ndani, nikasogeza cherehani.

Mkeo,
Mama Neema